Sanamu ya Askari na Milango ya Mirembe

Nkuhungu, kama ilivyo mitaa mingine ya Dodoma, mtu akisema jambo lisilo na kichwa wala miguu huambiwa aende Mirembe, na hakuna anayeuliza Mirembe ni nini. Jina la hospitali limeshageuka kuwa neno la mtaani, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo wanunuzi wengi hawakumbuki tena kwamba ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale katika Vita Kuu ya Kwanza. Majina hayo mawili yana undugu kuliko tunavyodhani. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka huohuo, katikati ya Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ilizindua Sanamu ya Askari, mtu wa shaba aliyeinamia mbele na bunduki yenye singe, kwa heshima ya askari na wapagazi Waafrika wa vita ile. Mwaka mmoja, basi, uliwapa Watanganyika kumbukumbu ya askari ambaye hachoki wala haogopi kwa kuwa ni wa shaba, na nyumba ya kuwekea watu ambao akili zao zilikuwa zimeelemewa. Katika fikra za utawala, vitu hivyo viwili havikuwa na uhusiano wowote.

Historia hii inahusu uhusiano huo uliokataliwa. Ninachodai ni kwamba askari wa Kiafrika waliopigania dola za Ulaya walirudi na majeraha ya akili kama askari wengine wote duniani, na kwamba ubaguzi wa rangi uliwaumiza mara mbili: kwanza ulikuwa sehemu ya jeraha lenyewe, kisha ukawa sababu ya jeraha hilo kutoandikwa popote. Tusipoiona hatua hiyo ya pili, tutausoma ukimya wa madaftari kana kwamba ni cheti cha afya njema. Na huduma ya afya ya akili kwa askari wastaafu ikijengwa juu ya usomaji huo, itaendelea kumuuliza mtu maswali yasiyomgusa pale alipoumia.

Tuanzie hapahapa Ugogo. Majeshi ya Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Waingereza nao wakaja wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na wanahistoria wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Kwa Mgogo wa siku zile ng'ombe alikuwa chakula, mahari, fidia ya ugomvi na mnyama wa tambiko. Kumwondoa ng'ombe kulikuwa sawa na kufungua mafundo yote yaliyowaunganisha watu. Mpagazi aliyebeba mzigo wa Waingereza hadi Rufiji, akazika wenzake kwa kuhara damu na homa, alirudi kwenye boma lililokuwa tupu. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu wale wanaosema kwamba Mwafrika hakuhitaji daktari wa akili kwa kuwa alikuwa na ukoo wake, mara nyingi husahau kuuliza ukoo wenyewe ulikuwa na hali gani siku aliporudi.

Waliokufa vitani walihesabiwa kwa mizani mbili. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika, Waasia na watu wa Mashariki ya Kati, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao weupe. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya waliosahauliwa ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba katika Tanganyika ya baada ya vita, wakuu walikubaliana kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, yakiwemo ya Dar es Salaam, yaachwe yarudi kuwa pori. Hoja yao haikuwa uhaba wa mawe peke yake. Walisema Mwafrika hajafikia hatua ya kuthamini kaburi lenye jina. Hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo: ukishaamini kwamba mtu hawezi kumlilia ndugu yake kwa kina kama unavyomlilia wako, hutakuwa na sababu ya kumuuliza kwa nini anashtuka usingizini.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa inajifunza kuuliza. Mwaka 1915 daktari wa jeshi la Uingereza, Charles Myers, aliandika juu ya askari waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Mwaka uliofuata ilifunguliwa hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, ambako daktari W. H. R. Rivers alikaa na maofisa mmoja mmoja akisikiliza ndoto zao. Ni kweli kwamba huruma hiyo ilikuwa na tabaka. Craiglockhart ilikuwa ya maofisa; askari maskini wa Kiingereza aliyetetemeka angeweza kuitwa mwoga, na jeshi hilo liliwapiga risasi mamia ya watu wake kwa utoro na woga. Mtu anaweza basi kupinga kwamba tatizo lilikuwa ukatili wa majeshi kwa jumla, wala si rangi. Pingamizi hili lina uzito, nami silipuuzi. Lakini tazama lilivyoishia: mwaka 2006 Bunge la Uingereza liliwasamehe askari 306 waliouawa hivyo, baada ya familia zao kudai kwa miaka mingi kwamba wengi walikuwa wagonjwa. Kulikuwa na majina, kulikuwa na mafaili ya mahakama za kijeshi, kulikuwa na wajukuu wenye karatasi ya kushika. Mpagazi wa Ugogo hakuachiwa hata karatasi ya kumhukumu.

Vita Kuu ya Pili iliwachukua Watanganyika wapatao 87,000. Wengi waliingia King's African Rifles, jeshi ambalo watu waliliita Keya, wengine wakawa madereva, wapishi, wauguzi na wachimba mahandaki. Walipigana Somalia na Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika msimu wa mvua wa 1944, kwenye matope, malaria na maadui wasioonekana, hadi mto Chindwin. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani na kuzama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Waingereza zikatupa mabomu ya majini palepale. Walionusurika waliyaona hayo kwa macho yao.

Juu ya vita yenyewe kulikuwa na kitu kingine cha kila siku. Jeshi la Uingereza lilikomesha kuchapa askari wake viboko mwaka 1881, lakini askari wa Kiafrika wa dola hiyohiyo waliendelea kuwa chini ya kiboko mpaka miaka ya 1940, na mjadala wa kukikomesha uliburutwa hadi 1946. Mwafrika wa Keya hakupewa kamisheni ya ofisa. Mzungu aliyefika jana alikuwa juu ya sajini aliyepigana miaka minne. Mshahara, chakula, buti, nafasi ya kulala kwenye treni, vyote vilipangwa kwa rangi. Hata kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilihesabiwa hivyo: hati zilizoibuliwa na waandishi wa Al Jazeera mwaka 2019 zinaonyesha kwamba mzungu wa cheo cha chini kabisa katika makoloni ya Afrika alilipwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, na Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi 3 na senti 50. Mtu anaweza kusema fedha ni fedha tu. Sivyo. Kiinua mgongo ni taifa kumwambia mtu: hiki ndicho tunachokadiria ulichotoa. Askari wawili wamelala kwenye handaki moja, mvua moja, hofu moja; kisha mmoja anaambiwa hofu yake ilikuwa na thamani ya theluthi moja.

Je, uchovu na uchungu wa watu hawa ulikwenda wapi katika maandishi? Ukweli ni kwamba uliandikwa, ila kwa majina mengine. Februari 1942, huko Massawa, Eritrea, askari wa brigedi ya Afrika Mashariki waligoma kupanda meli kwenda mbali zaidi kabla ya kupewa likizo ya kuwaona watu wao. Kwa faili la jeshi hayo yalikuwa maasi. Mtu aliyekataa kula aliandikwa mkaidi, aliyelewa kila siku akaandikwa mlevi, na aliyetoroka akaandikwa mtoro. Hata lugha ilikuwa kikwazo. Maofisa wengi walizungumza na askari kwa Kiswahili cha jeshini, kilichoitwa KiKAR, lugha iliyokatwakatwa mpaka ikabaki ya kuamuru na kuitikia: njoo, nenda, safisha, ndiyo effendi. Kiswahili kina maneno kwa yale yanayompata mtu ndani, kina jinamizi, kina kiwewe, kina fadhaa, kina sonona, na Kigogo kina yake. KiKAR hakikuwa na hata moja la maneno hayo. Daktari aliyemuuliza mgonjwa kwa lugha ya gwaride alijibiwa kwa lugha ya gwaride, kisha akaandika kwamba Mwafrika hana uwezo wa kueleza hisia zake.

Aliyeliandika jambo hilo kwa mamlaka kuliko wengine alikuwa J. C. Carothers, aliyeongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950. Alikabidhiwa hospitali ile akiwa daktari wa kawaida wa serikali, bila mafunzo ya maana ya magonjwa ya akili. Mathari yenyewe ilikuwa na wodi zilizogawanywa kwa rangi. Mwaka 1947 alichapisha utafiti juu ya Waafrika waliolazwa kati ya 1939 na 1943, yaani katikati ya vita, akahesabu kwamba wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa watu 3.4 katika kila 100,000, idadi ndogo sana ukilinganisha na Uingereza au na Wamarekani weusi wa Massachusetts. Akahitimisha kwamba wazimu ni adimu kwa Mwafrika anayeishi katika mila zake. Hapa inafaa tusimame, maana kosa hili bado lina watoto na wajukuu. Alichokihesabu Carothers ni vitanda. Mgonjwa wa siku zile hakufika hospitali kwa sababu anaumwa. Alifika kwa sababu polisi, hakimu au bwana shauri alimwona anasumbua. Aliyelala kimya kibandani, aliyeacha kusema na mkewe, aliyekaa chini ya mbuyu kutwa nzima akitazama barabara, hakumsumbua mtu yeyote mwenye kalamu. Mwanaume wa namna hiyo angeweza kuwako katika kila kijiji kando ya Reli ya Kati, na takwimu ya 3.4 isingetikisika.

Kisha ikaja hatua mbaya zaidi. Takwimu zile chache zilipohitaji maelezo, lawama haikuwekwa kwenye vita wala kwenye dharau. Wataalamu wa kikoloni, kama mwanahistoria Megan Vaughan alivyoonyesha, walipenda kusema kwamba Mwafrika huchanganyikiwa anapotolewa kwenye kabila lake na kutwishwa ustaarabu asioweza kuubeba: shule, mji, mshahara, jeshi. Kwa kipimo hicho askari aliyerudi Burma akiwa hana amani alikuwa ushahidi kwamba ameona mengi mno kuliko anayostahili kuona. Mwaka 1951 Carothers alifika mbali hata kulinganisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika mwaka 1953, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa maelezo yake ya kisaikolojia juu ya Mau Mau, ambamo madai ya ardhi na uhuru yaligeuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Vikosi vya Keya vilivyoandikishwa Tanganyika vilipelekwa Kenya kupambana na hao Mau Mau. Mwafrika aliyeshika silaha dhidi ya dola alipimwa akili. Mwafrika aliyeshika silaha kwa ajili ya dola, akatumwa msituni kuwawinda majirani zake, hakuulizwa chochote.

Aliyejibu kwa ukali alikuwa Frantz Fanon, naye alikuwa na haki zote mbili za kujibu, ya udaktari na ya uaskari. Alitoka Martinique akapigana katika majeshi ya Ufaransa Huru, akajeruhiwa mwaka 1944, akapewa nishani, akaona kwa macho yake jinsi rangi ilivyopanga nani alale wapi na nani ashangiliwe. Alipokuwa daktari wa akili Blida, Algeria, kuanzia 1953, aliwatibu walioteswa na watesaji wao, na katika kitabu chake cha mwisho cha 1961 aliweka kumbukumbu za wagonjwa hao pamoja na ukosoaji wa Carothers. Alichokisema, kwa ufupi, ni kwamba huwezi kumtibu mtu kwa kumrudisha katika hali ileile iliyomvunja. Sioni namna ya kulikataa hilo.

Nije sasa kwenye pingamizi lenye nguvu kuliko yote, ambalo mara nyingi hutolewa na sisi wenyewe, wala si wageni. Husemwa kwamba jamii zetu zilikuwa na njia zake. Aliyemwaga damu vitani alitakaswa kabla ya kuingia nyumbani, waganga na wazee walikuwako, na mtu hakuachwa peke yake na kichwa chake. Ni kweli, na Ulaya ilichelewa kujifunza kwamba mwanajeshi anahitaji mlango wa kurudia nyumbani. Hata hivyo pingamizi hili linayumba mahali pawili. Kwanza, tambiko linahitaji watu, mnyama na mahali. Ugogo wa 1919 haukuwa na ng'ombe wa kuchinja, na wazee wa kusimamia walikuwa ndio wa kwanza kufa kwa Mtunya. Hata aliyerudi mwaka 1946 alikuta vijana wako kwenye mashamba ya mkonge na nyumbani wamebaki wachache. Pili, tambiko la kumtakasa aliyeua linahusu damu ya adui. Halina fungu la aibu aliyotiwa mtu na kamanda wake mwenyewe. Mwanaume mwenye watoto aliyelazwa chini akachapwa mbele ya vijana, na aliyechapa ni yule aliyepaswa kumwongoza, alirudi na kitu ambacho mila haikukitengenezea jina, na ambacho yeye mwenyewe asingependa kukisimulia mbele ya wakwe.

Wapo watakaosema kwamba dhana hizi za kiwewe ni za Wamarekani, na kwamba tunazivalisha historia yetu nguo za mkopo. Ni kweli jina la maradhi ya msongo wa baada ya kiwewe liliingia katika mwongozo wa madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam kulipigania. Lakini Marekani hiyohiyo inatupa ushahidi ambao makoloni hayakutaka kuukusanya. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 1990 ulikuta maradhi hayo kwa asilimia 13.7 ya wanaume weupe waliohudumu Vietnam, asilimia 20.6 ya weusi na asilimia 27.9 ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Sehemu ya tofauti ilitokana na nani alipelekwa mstari wa mbele zaidi. Na kupanga nani aende mbele nako ni jambo la ubaguzi. Mwaka 2001 Chalsa Loo na watafiti wenzake waliwachunguza maveterani 300 wa Marekani wenye asili ya Asia, watu waliovaa sare moja na wenzao huku wakiitwa kwa majina ya matusi ya adui. Walikuta kwamba mikasa ya ubaguzi peke yake ilieleza sehemu ya tano ya tofauti za ukali wa dalili zao, mbali na mapigano yenyewe. Basi neno linaweza kuwa geni bila maumivu kuwa mageni.

Naelewa pia wale wanaochukia kuwaona wazee hawa wakigeuzwa wagonjwa. Wengi walijivunia Keya, wakatembea wima mpaka uzeeni. Abdulwahid na Ally Sykes, wana wa Kleist Sykes aliyewahi kuwa askari wa Wajerumani, walirudi kutoka Burma wakawa katikati ya harakati zilizozaa TANU mwaka 1954. Robert Kakembo wa Uganda aliandika akiwa jeshini kijitabu cha matumaini ya askari, kikachapishwa 1946. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo Burma, akawa Jenerali China wa Mau Mau, na amesimulia jinsi mazungumzo na askari wa mataifa mengine yalivyomfungua macho. Watu hawa waliigeuza dharau kuwa siasa, na siasa inaweza kumponya mtu. Lakini si kila aliyerudi alikuwa na chama, elimu na jamaa wa mjini. Kwa kila mmoja aliyepata jukwaa, walikuwako maelfu waliorudishwa kwenye jembe. Na fahari haiondoi jeraha. Wakati mwingine ndiyo kitambaa kinacholifunika.

Inasimuliwa mara nyingi kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani hapa katika Vita Kuu ya Kwanza, malimbikizo yao, mamia walijitokeza Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Ofisa aliyekuja na fedha aliwapa ufagio kila mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani: silaha begani, silaha chini. Hakuna aliyekosea. Kisa hiki husimuliwa kwa tabasamu, kama sifa ya uaminifu. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Takriban nusu karne baada ya von Lettow kusalimu amri kule Abercorn, Novemba 1918, miili ya wazee wale ilikuwa bado inaitikia amri papo hapo. Kama amri ilidumu mwilini muda wote huo, na mengine yalidumu pia: mlio wa bombomu, harufu ya maiti, kiboko cha Wajerumani kilichohesabiwa hadi 25. Serikali iliyowaamuru washike ufagio iliupima mwili ikaridhika kwamba unakumbuka, ikalipa, ikaondoka.

Mtu anaweza kusema yote haya yamepita na wenyewe wamekufa. Hawajafa wote. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza paundi milioni 12 kuwasaidia maveterani wa makoloni yake ya zamani na wajane wao wanaoishi katika ufukara, hasa kwa chakula. Ni jambo jema, ingawa mtu anayepewa milo miwili kwa siku akiwa na miaka 95 hajalipwa tofauti ile ya shilingi sita na nusu za kila mwezi, wala hajaulizwa anaota nini. Aliyeandikishwa Keya katikati ya miaka ya 1950 na kutumwa Kenya anaweza kuwa hai leo. Tanganyika Rifles ilikuwa chini ya maofisa Waingereza hadi askari wake walipoasi Januari 1964, mishahara na maofisa hao wa kigeni wakiwa miongoni mwa madai yao, na vijana wa siku ile ni wazee wetu sasa. Kongwa, mwendo mfupi mashariki ya Dodoma, wapiganaji wa Msumbiji, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini walikaa kambini kuanzia miaka ya 1960, watu waliokimbia nchi ambako rangi ilikuwa sheria. Baadhi yao waliacha watoto katika vijiji vya jirani.

Mirembe ya leo si jela ya 1927. Ni hospitali ya taifa, ina taasisi ya Isanga kwa wanaoletwa na mahakama, ina kijiji cha Hombolo ambako wagonjwa hujifunza kurudi kwenye maisha ya kazi, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 imeweka haki za mgonjwa katika maandishi. Lakini njia ya kuingilia bado kwa wengi ni ileile ya zamani: mtu huletwa pale anapowasumbua wengine. Mzee asiyemsumbua mtu haletwi. Atakwenda zahanati ya mtaani kwake, Nkuhungu au kwingineko, atasema mgongo unamuuma na usingizi hauji, atapewa dawa ya maumivu. Ninyi mnaosimamia zahanati hizo, katika fomu zilizo mezani ongezeni mstari mmoja wa utumishi wa jeshi: kikosi gani, miaka gani, alipelekwa wapi, nani alikuwa juu yake, na alilipwaje wakati wa kuondoka. Mwacheni ajibu kwa Kigogo kama ndicho anachootea, na muuguzi aliye na mstari wa watu thelathini nje ya mlango apewe nafasi ya kukaa naye nusu saa, kwa sababu sehemu ya jibu inayohusu kiboko itakuja mwisho, baada ya mgongo.